Shajara ya mradi: Antonio Ferrandis, kabla na baada ya Chanquete

12 Machi

Leo nimeanza rasmi. Mradi ni vipindi vinne vya sauti kwa Kiswahili, kila kimoja dakika 20 hivi, juu ya maisha na kazi ya Antonio Ferrandis, mwigizaji wa Hispania. Alizaliwa Paterna, mji ulio jirani na Valencia, tarehe 28 Februari 1921, akafariki Valencia tarehe 16 Oktoba 2000. Mwezi nimeuchagua kwa makusudi. Kazi yangu ni kutembeza wageni wanaosema Kihispania hapa Unguja, na masika ikikaribia wageni hupungua. Nikipata siku mbili tatu tupu kwa wiki, nitaweza.

Wazo lenyewe nililiokota njiani. Msimu uliopita nilikuwa Jambiani na familia moja ya Kihispania, na watoto wa kijijini wakatupita na baiskeli, sita au saba, mmoja kampakia mdogo wake kwenye fremu. Baba wa familia ile akaanza kupiga mluzi. Mkewe akaupokea. Bibi yao aliyekuwa nyuma akasimama, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikauliza wimbo gani huo. Wakanijibu wote kwa mpigo: *Verano azul*. Na bibi akaongeza jina moja tu, Chanquete.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wageni wangu. Waliozidi miaka arobaini karibu wote wanaujua mluzi ule, na wote wanamjua Chanquete, yule baharia mzee wa kwenye tamthilia hiyo ya televisheni. Nikiwauliza aliyemwigiza ni nani, wengi hutulia kidogo kabla ya kujibu. Wengine hawajibu kabisa. Mtu kafanya kazi ya uigizaji miaka mingi kabla ya tamthilia ile, kisha nchi nzima ikambatiza upya akiwa na miaka sitini. Hilo ndilo ninalotaka kulisimulia, na nataka nimsimulie yeye mwenyewe, kwa jina lake.

15 Machi

Msomaji nimempata: shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, sauti yake haijazeeka. Nilimpelekea kurasa mbili za mwanzo akazisoma kimya, miwani kwenye ncha ya pua, kalamu nyekundu mkononi kama zamani.

"Mwanangu, umeandika 'mwigizaji maarufu' mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Kama ni maarufu, nionyeshe. Usinambie."

Nimezifuta zote tatu.

19 Machi

Tumeweka sheria ya majina. Tukimzungumzia mtu, tunasema Ferrandis. Tukizungumzia mhusika, tunasema Chanquete. Inaonekana jambo dogo, lakini kwenye vyanzo vya Kihispania majina haya mawili yanachanganywa kila mahali, mpaka unasoma sentensi usijue ni nani aliyekuwa mgonjwa, mtu au mhusika. Shangazi ameiandika sheria hii juu ya jalada la daftari letu.

Mgawanyo wa vipindi: cha kwanza Paterna na jukwaani, cha pili filamu na tamthilia za mwanzo, cha tatu *Verano azul*, cha nne filamu ya *Volver a empezar* na miaka ya mwisho.

24 Machi

Kipindi cha kwanza kimenipa kazi kuliko nilivyodhani, kwa sababu ya Paterna yenyewe. Ferrandis alikuwa na miaka 15 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1936, na miaka 18 vilipokwisha mwaka 1939. Baada ya ushindi wa Jenerali Franco, aliyeitawala Hispania kidikteta, Paterna ikawa mahali pa kuulia. Pana ukuta mmoja nje ya mji ambapo walipigwa risasi watu 2,238 kuanzia mwaka 1939 hadi katikati ya miaka ya 1950, wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja katika mava ya mji. Miaka ya karibuni familia zao zimekuwa zikifukua na kuwatafuta jamaa zao. Kijana wa mji ule alikua katikati ya ukimya huo. Nimeuweka ukuta huu mapema katika kipindi cha kwanza, kwa kuwa katika kipindi cha nne Ferrandis ataigiza mtu aliyeikimbia Hispania ile na kurudi uzeeni.

Alisomea ualimu. Shangazi hapo alinyanyua kichwa. Akauliza kwa nini aliacha. Nikamwambia aliufuata uigizaji, akaingia kwenye makundi ya maonyesho, na baadaye akapanda jukwaa la Teatro María Guerrero, Madrid, moja katika majumba ya maonyesho makubwa ya serikali. "Basi sehemu hii niisome polepole," akasema. Ameisoma polepole.

31 Machi

Tumerekodi kipindi cha kwanza, mara ya kwanza. Hatuna studio. Tumefungua kabati la nguo la shangazi, tukatandika godoro nyuma yake, na mbele tukatundika kanga sita kwenye kamba. Yeye anakaa kwenye kiti cha kunywea chai, kipaza sauti kimefungwa kwenye mti wa fagio. Sauti inatoka nzito na kavu, nzuri sana. Tatizo ni adhana ya Adhuhuri na mwuza mkate wa asubuhi mwenye honi. Kuanzia sasa tunarekodi baada ya saa nne asubuhi, tunamaliza kabla ya saa sita.

Niliona jambo moja kwenye rekodi: shangazi akisoma jina "Paterna" analivuta silabi ya pili kama sisi tunavyosema, na Wahispania nao mkazo wao uko papo hapo. Majina mengi ya Kihispania yanakaa vizuri mdomoni mwa Mswahili. Vokali zetu ni zile zile tano.

6 Aprili

Leo nimekaa na orodha ya filamu siku nzima, na nimekuta jambo ambalo limebadilisha kipindi cha pili chote.

Filamu tatu. Ya kwanza ni *Tristana* ya mwaka 1970, ya Luis Buñuel, iliyopigwa Toledo, Catherine Deneuve na Fernando Rey wakiwa mbele. Ferrandis yumo, nafasi ndogo. Ya pili ni *Mi querida señorita* ya Jaime de Armiñán, iliyotoka mwaka 1972, ambamo Ferrandis ni meneja wa benki anayemchumbia bikira mtu mzima wa mji mdogo, na bikira huyo anaigizwa na José Luis López Vázquez. Ni hadithi ya mtu aliyelelewa kama mwanamke, kisha daktari akagundua kuwa ni mwanamme. Kuipitisha hadithi kama hiyo Franco akiwa bado hai hakukuwa kazi nyepesi. Ya tatu ni *Volver a empezar* ya José Luis Garci, ya mwaka 1982.

Zote tatu ziliiwakilisha Hispania kwenye Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, na zote zikaingia katika tano za mwisho. *Tristana* haikushinda. *Mi querida señorita* ilishindwa mwaka 1973 na filamu ya Buñuel huyo huyo, ambayo safari hiyo ilikuwa imepelekwa na Ufaransa. *Volver a empezar* ikashinda mwaka 1983. Kwa hiyo mwigizaji huyu, ambaye watu wanamkumbuka kwa kofia ya nahodha na ndevu nyeupe, alikuwemo kila mara hiyo. Kwanza pembeni, kisha nafasi ya pili, kisha yeye ndiye filamu yenyewe. Miaka kumi na mbili.

Nilikwenda kwa shangazi jioni hiyo hiyo, hata viatu sikuvua vizuri, nikamhadithia ukumbini. Akasema kipindi cha pili kianze hapo.

9 Aprili

Shangazi ameuliza swali la msingi: televisheni ya Hispania wakati ule ilikuwaje? Msikilizaji wa leo mwenye chaneli mia mbili na simu mkononi hataelewa kwa nini tamthilia moja ilishika nchi nzima.

Nimeandika aya hii, nayo ameipenda: Televisheni ya taifa, TVE, ilianza matangazo tarehe 28 Oktoba 1956. Chaneli ya pili ilikuja mwaka 1966, ya shirika hilo hilo. Chaneli binafsi za nchi nzima hazikuwako mpaka mwaka 1990. Kwa hiyo *Verano azul* ilipoonyeshwa mwaka 1981 na 1982, mtu alikuwa na chaguo la chaneli mbili, zote za serikali. Jumapili ile saa ile, nyumba zote zilikuwa zikitazama kitu kimoja.

Yeye akaongeza la kwake, na nimemrekodi: jinsi televisheni ya rangi ilipofika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara bado hawana televisheni kabisa, na watoto wa mtaa mzima wakijazana kwa jirani, wamekaa mkekani mpaka mlangoni, viatu vimejaa barazani, na wakati wa kutoka kila mtu anatafuta ndara yake. Aya yangu na kumbukumbu yake zitakaa pamoja. Viatu vya barazani vinaeleza kuliko takwimu yoyote ambayo ningeweza kuitia.

13 Aprili

Kipindi cha pili kina nafasi ya *Estudio 1* pia. Hiki kilikuwa kipindi cha TVE kilichoanza mwaka 1965, kikipeleka michezo ya jukwaani nyumbani kwa watu. Waigizaji wa jukwaani, waliozoea kusikika mpaka viti vya nyuma, walijifunza hapo kupunguza sauti na kuacha uso ufanye kazi. Ferrandis alipita huko mara nyingi. Nikitazama rekodi za enzi ile naona jinsi alivyokuwa akisikiliza. Mwenzake anasema, yeye macho yake yanafuata maneno, mdomo unataka kujibu kisha unajizuia. Nimemwomba mpwa wangu anayehariri sauti atuachie sekunde mbili za kimya baada ya aya hii.

14 Aprili

Kadi ya kumbukumbu imeharibika. Nusu ya kipindi cha pili imepotea. Tutarekodi tena Jumatano. Kuanzia leo kila rekodi inanakiliwa mahali pawili kabla hatujazima mashine.

20 Aprili

Mvua ya masika imeshika. Juu ya bati hakuna kurekodi. Nimeitumia wiki kutafiti.

Nimekuta uzi mwingine. Mwaka 1972 TVE ilionyesha filamu fupi ya *La cabina*, juu ya mtu anayenasa kwenye kibanda cha simu na hakuna anayeweza kumtoa. Aliyenaswa ni López Vázquez, yule yule. Mwongozaji ni Antonio Mercero, mzaliwa wa Lasarte katika nchi ya Wabaski, na mswada waliuandika wawili, Mercero na José Luis Garci. Ikapata Emmy ya kimataifa. Miaka baadaye wawili hao, kila mmoja kwa njia yake, walimwendea Ferrandis: Mercero kwa ajili ya *Verano azul*, Garci kwa ajili ya *Volver a empezar*. Watu wawili walioandika meza moja, wakamwona mtu mmoja. Tena kazi hizo mbili zilimfikia mtazamaji kwa kufuatana: mwanzoni mwa 1982 Chanquete alikufa kwenye televisheni, na mwaka huo huo *Volver a empezar* ikatoka.

Hapa ndipo nilipoelewa kuwa vipindi vya tatu na vya nne ni kimoja kilichokatwa vipande viwili. Sitaviunganisha, ila mwisho wa cha tatu utakuwa mlango wa cha nne.

27 Aprili

Kipindi cha tatu. Nimetazama sehemu zote 19 za *Verano azul*, baadhi mara mbili. Tafsiri ya jina ilitupa mjadala. "Kiangazi" kwetu ni ukavu, si likizo ya pwani. "Kaskazi" ina joto lakini ina pepo zake. Mwisho tumekubaliana: *Kiangazi cha Samawati*, na shangazi anaeleza kwa sentensi moja kwamba ni ile miezi ya joto ya Ulaya, skuli zimefungwa, familia za mjini zimeshuka pwani.

Mahali ni Nerja, mji wa pwani katika mkoa wa Málaga. Watoto ni saba: Javi, Bea, Desi, Quique, Piraña na Tito, na Pancho, kijana wa mji ule ule, anayepeleka maziwa majumbani. Wakubwa wawili ndio marafiki zao, Julia mchoraji na Chanquete. Upigaji picha ulianza Agosti 1979 ukaisha Desemba 1980, ndiyo maana wakati mwingine watoto wanaonekana wamerefuka kati ya sehemu moja na nyingine ingawa hadithi ni ya likizo moja. Ferrandis alianza kazi ile akiwa na miaka 58.

Miaka hiyo nchi ilikuwa inajifunza upya kusema. Franco alifariki Novemba 1975. Februari 1981, miezi michache kabla ya tamthilia kuonyeshwa, askari waliingia bungeni kwa bunduki wakitaka kupindua serikali, wakashindwa. Sheria ya talaka ilipita mwaka huo huo. Na kwenye tamthilia ya watoto wa baiskeli wakazungumza talaka, wakazungumza mtoto wa kike anapovunja ungo, wakazungumza uchafuzi wa bahari. Ferrandis katikati yao anasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza kwenye *Estudio 1*.

2 Mei

Chanquete si jina la ubatizo. Ni jina la samaki. Samaki mdogo sana, mwili unaona upande wa pili, pwani ya Málaga walikuwa wakimkaanga mzimamzima na kumla kwa mkono. Baadaye uvuvi wake ulipigwa marufuku, kwa sababu nyavu zile za matundu madogo zilikuwa zinazoa na watoto wa samaki wengine.

Shangazi hakungoja nimalize. "Uono huyo!" Kwa jamii ya samaki hawalingani, lakini kwa maana ya jina amepatia barabara. Mzee mwenye mwili mkubwa, ndevu nyeupe, sauti ya kifua, na mtaa mzima unamwita Uono. Hapa Unguja jina kama hilo lingeshika siku ya kwanza na lisingetoka mpaka kaburini. Tumeliingiza.

Vilevile kodiani. Chanquete anapiga kodiani, na msikilizaji wetu haihitaji maelezo, aliyekulia kwenye taarab anaijua kodiani. Nimefuta aya nzima ya ufafanuzi.

5 Mei

Leo nimeandika sehemu ya merikebu na imenichosha moyo.

Chanquete anaishi ndani ya merikebu ya uvuvi, *La Dorada*, iliyowekwa nchi kavu juu ya kilima, bahari iko chini yake. Inafika siku wanataka kujenga majumba pale na yeye yuko njiani. Watoto wanaingia merikebuni, wanakaa naye, wanaimba kwamba hawataondoka. Wimbo huo wa *No nos moverán* ulikuwa ukiimbwa na wafanyakazi kwenye migomo muda mrefu kabla ya tamthilia. Kwenye midomo ya watoto wa saa ya familia, kwenye televisheni ya serikali, ulisikika upya.

Natembeza wageni kwenye pwani yetu. Najua mahali ambapo palikuwa na bandari ya ngalawa na leo pana ukuta wenye lango na mlinzi. Najua mzee aliyekuwa akishonea nyavu zake chini ya mkungu ambao sasa uko ndani ya ukuta huo. Ninapomtazama Ferrandis amesimama mlangoni mwa *La Dorada*, hana ghadhabu, amesimama tu kama mtu aliye mlangoni kwake, sihitaji kuambiwa chochote na mwongozaji. Nimeandika kurasa nne, nikazipunguza mpaka mbili. Kuhusu Nerja nimebakisha kwamba leo pana bustani inayoitwa kwa jina la tamthilia, na ndani yake umewekwa mfano wa merikebu ya *La Dorada* ambao watalii huupiga picha.

11 Mei

Sentensi moja imetuchukua asubuhi nzima.

Katika sehemu ya 18 Chanquete anakufa. Pancho ndiye anayeipeleka habari, anakimbia huku anapiga kelele: "¡Chanquete ha muerto!" Hispania nzima inaijua sentensi hiyo. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeandika "Chanquete amefariki dunia!" Shangazi akaisoma mara moja, akaweka karatasi chini.

"Huyu mtoto ana umri gani?"

"Kijana. Kumi na sita, kumi na saba."

"Anakimbia?"

"Anakimbia."

"Basi 'amefariki dunia' ni ya redioni. Ni ya tangazo la vifo, lenye jina la baba na mahali pa maziko. Mtoto anayekimbia hawezi kuibeba hiyo, pumzi haimtoshi."

Tukajaribu "Chanquete hatunaye". Hapana, hiyo ni ya mtu mzima anayekaa kwanza ndipo aseme. "Chanquete katutoka" ina heshima lakini inachelewa. Tukajaribu "Chanquete amekufa", ikakaribia. Mwisho akaingia kabatini, akavuta kanga, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa babu: "Chanquete kafa! Chanquete kafa!" Bila adabu yoyote. Mpwa wangu alivua spika za masikioni akatoka nje kidogo.

Hiyo ndiyo tumeiweka.

Baada yake, shangazi kwa sauti ya kawaida anaeleza: ilionyeshwa Februari 1982, Ferrandis mwenyewe alikuwa mzima, amebakiza wiki chache atimize miaka 61, na alikuwa na miaka mingine 18 ya kuishi.

18 Mei

Kipindi cha nne. *Volver a empezar*, yaani Kuanza Upya.

Ferrandis ni Antonio Albajara, mwandishi aliyekimbia baada ya vita, akafundisha chuo kikuu cha Berkeley, California, na sasa amepewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Anatoka Stockholm, anarudi Gijón, mji wake wa kaskazini, alikocheza mpira ujanani na timu ya Sporting. Anakaa hotelini siku chache. Anamtafuta Elena, mpenzi wa ujana, anayeigizwa na Encarna Paso. Anamtembelea rafiki wa zamani, Roxu, anayeigizwa na José Bódalo. Ana ugonjwa ambao hautapona, na hataki kuitangaza habari hiyo. Ndivyo tu. Hakuna risasi wala mbio.

Mahali ninapopapenda ni pale Mfalme anapompigia simu hotelini kumpongeza. Tunamwona Albajara peke yake, mkonga wa simu mkononi. Mtu aliyeondoka nchini kama adui anaongea na mkuu wa nchi ile ile, na Ferrandis anaipokea simu ile kwa ustaarabu kabisa, kidogo kama mtu aliyeshtukizwa na mgeni bila ya kahawa tayari. Nimeitazama mara sita ili niandike aya moja. Hapa nimeurudisha ukuta wa Paterna, kwa sentensi moja, bila maelezo.

Tarehe 11 Aprili 1983, Los Angeles, ikawa filamu ya kwanza ya Hispania kushinda Oscar ile.

25 Mei

Miaka ya mwisho nimeipita haraka, na nimefanya hivyo kwa kuchagua. Aliendelea na kazi, kisha akapumzika kwao Valencia, akafariki akiwa na miaka 79. Paterna jumba la maonyesho la mji lina jina lake, Gran Teatro Antonio Ferrandis. Ferrandis, siyo Chanquete. Nililisema hili kwa furaha kubwa mpaka shangazi akacheka.

Nimeongeza kidogo juu ya watoto wale saba, kwa kuwa wasikilizaji wataniuliza. Juanjo Artero, aliyekuwa Javi, amebaki kwenye uigizaji. Miguel Ángel Valero, yule Piraña aliyekuwa akila kila saa, akawa mhandisi wa mawasiliano na kufundisha chuo kikuu Madrid. Mercero alifariki mwaka 2018.

1 Juni

Mluzi. Hatuwezi kutumia muziki wenyewe wa Carmelo Bernaola bila ruhusa, nami sitaki kuiba. Tumeanza kila kipindi kwa sauti ya baiskeli tu: mnyororo, kengele, matairi juu ya mchanga mgumu. Mpwa wangu alikwenda Jambiani maji yakiwa yametoka, akawarekodi watoto wanne wakipita. Mgeni wangu mmoja kutoka Sevilla nilimsikilizisha sekunde kumi zile bila kumwambia kitu. Akaanza kupiga mluzi mwenyewe.

8 Juni

Leo tumesikiliza vipindi vyote vinne mfululizo, ukumbini, mlango wazi, chai na mandazi. Majirani wawili waliingia wakabaki. Dakika 83 kwa jumla.

Kasoro mbili. Kwenye kipindi cha kwanza honi ya mwuza mkate imejipenyeza kwa mbali, tumeiacha. Kwenye kipindi cha nne, dakika ya mwisho kabisa, shangazi anasoma: "Chanquete alifariki Valencia, tarehe 16 Oktoba 2000." Karatasi inasema Ferrandis. Hakuna kati yetu aliyelisikia siku ya kurekodi, si mimi, si mpwa wangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika sheria juu ya jalada.

Hakusema kitu. Aliinuka, akafungua kabati, akaanza kutundika kanga.

Tumeirekodi upya sentensi ile moja, mara nne, mpaka sauti ikalingana na iliyotangulia. Sasa inasema Antonio Ferrandis. Kipindi cha kwanza kimepandishwa saa tatu usiku.